Mkuu, usichore miti kwa bluu na njano tupu

Aisee, usifungue hizo rangi. Umeandika kwamba turubai ya sentimita 60 kwa 90 unayo, kwamba utachora miembe ya kwenu kwa nukta tupu, na kwamba kijani hununui kwa sababu nukta za bluu na njano zikikaa jirani jicho litazigeuza kijani. Ukauliza brashi, vanishi na fremu. Hayo baadaye. Hapo kwenye kijani ndipo nilipoangukia mimi.

Yangu ilikuwa 80 kwa 120. Miezi minne, kila usiku nikitoka kazini, napiga nukta kwa kitako cha brashi. Ukiinama karibu, kazi inapendeza: bluu kali, njano ya ndimu, hakuna iliyochafua mwenzake. Nilipomaliza mwembe wa kwanza nikaiegemeza turubai ukutani, nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikageuka. Majani yamekufa. Kijivu, kama mti ulio jirani na tanuri la mkaa. Nikadhani nukta ni chache, nikaongeza. Nikaongeza tena. Nikapaka na mwembe wa pili vilevile, maana nilishaambiwa nikiwa na subira kijani kitatokea. Mama alipoiona akauliza kama nimechora kiangazi. Iliniuma sana, kwa sababu picha yenyewe ilikuwa yake.

Aliyenipoteza ni mwalimu wa darasa la Jumamosi nililolilipia kwa hela yangu. Alilisema jambo hilo kwa uhakika wote, na sikumwona hata siku moja akipiga nukta mbele yetu. Angejaribu kwa robo saa tu, angejua! Na msicheke, najua humu jukwaani kuna wenzangu wenye miembe ya majivu mvunguni.

Sababu ni hii. Ukikoroga bluu na njano kwenye sahani, kila rangi inameza sehemu ya mwanga, na unaobaki kukufikia ni wa kijani. Nukta zikikaa kandokando hazimezani hivyo. Kila moja inarudisha mwanga wake, na kwa mbali jicho linaijumlisha hiyo miwili. Njano na bluu zikijumlishwa hivyo unapata kijivu.

Seurat, Mfaransa aliyeanzisha mtindo huu, hakufanya unavyotaka kufanya. Ile picha yake kubwa ya Jumapili kisiwani La Grande Jatte, ya 1884 hadi 1886, iliyopo Chicago, nyasi zake ni kijani chenyewe. Palipo na jua akatia nukta za njano na chungwa, kwenye kivuli akatia bluu. Tena nukta nyingi alizipiga juu ya picha aliyokwisha kuipaka. (Njano yake ya zinki iligeuka kahawia baada ya miaka michache tu, kwa hiyo kwenye njano usibane hela.)

Kijani kinatoka kwenye tyubu ya kijani. Nunua kimoja, kikoroge viwe vitatu: kinachoelekea njano, chenyewe, kinachoelekea bluu. Paka umbo zima la mti kwa vijani hivyo vitatu, kivuli na mwanga vionekane, acha pakauke kabisa. Ndipo upige nukta: upande wa jua kijani-njano na chungwa kidogo, ndani ya mti bluu na zambarau. Nyekundu moja kwa kila nukta ishirini hivi, kijani kinaamka. Ukizidisha nyekundu, majani yanarudi kwenye tope.

Ila usianzie kwenye turubai, nakusihi. Kata kadibodi sentimita 10 kwa 10, ipake, ibandike ukutani, rudi nyuma mita nne uitazame. Dakika ishirini tu, mimi nilipoteza miezi minne kwa kutoifanya. Kisha ipige picha uiweke hapa kwenye uzi kabla hujagusa turubai. Nitaiangalia hata iwe usiku wa manane.