Jibu: Chembe zinafuata washiriki au migongano? Pima mwenyewe kwa laptop

Ndugu wa Nyegezi, umeuliza kama chembe zinazozaliwa viini vya risasi (madini, Pb) vikigonganishwa pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, zinaongezeka kufuata idadi ya nukleoni (protoni na nyutroni za kiini) zilizoguswa (washiriki), au idadi ya migongano ya nukleoni mbilimbili. Laptop ya kawaida inatosha. Majedwali ya ALICE, jaribio la CERN linalopima migongano hiyo, yako bure HEPData, hifadhi ya data mtandaoni, mafaili madogo tu, bando halitaisha.

Anza na hesabu ya Glauber, inayohesabu nukleoni zinazogongana viini viwili vikipitiana. Tawanya nukleoni 208 kwa kila kiini kwa umbo la Woods-Saxon (msongamano sawa ndani, unaofifia ukingoni): nusukipenyo fm 6.62 (fm ni femtomita), ulaini wa ukingo fm 0.546. Zidisha kwa r² (r ni umbali toka katikati), la sivyo nukleoni zitarundikana katikati. Kwa nishati ya TeV 2.76 kwa kila jozi ya nukleoni, eneo la mgongano ni milibani 64 (fm² 6.4), kwa hiyo nukleoni mbili zinagongana zikipishana kwa chini ya fm 1.43.

Wengi huharibu kwenye b, umbali kati ya vitovu vya viini. Wanauchagua sawasawa toka 0 hadi 20, wakati pete ya nje ina eneo kubwa kuliko ya ndani. Tumia b = 20√u, u ikiwa namba nasibu kati ya 0 na 1. Ukikosea, asilimia 5 ya migongano ya katikati kabisa itakupa washiriki zaidi ya 400. Inatakiwa karibu 383, na migongano karibu 1,690. Usisonge mbele kabla ya kuzipata. Na hifadhi kila matukio 1,000, umeme wa Mwanza unaujua.

Sasa kipimo. Watu huchora logi kwa logi wakasoma mteremko: mteremko dhidi ya washiriki ukiwa 1 ni washiriki, ukiwa 1.33 ni migongano. Siipendi njia hiyo, logi inameza tofauti. Gawanya tu. Mwaka 2010, kwa asilimia 5 ya katikati kabisa, ALICE walipata chembe 1,584 zenye chaji kwa kila kizio cha rapiditi bandia (kipimo cha pembe ya chembe dhidi ya mhimili wa mgongano), yaani 8.3 kwa jozi ya washiriki: mara 1.9 ya protoni kwa protoni. Washiriki peke yao wangetoa mara 1. Migongano peke yake, 1,690 kwa jozi 191.5, ingetoa mara 8.8. Umeona ilipoegemea. Rudia kwa kila kundi la migongano, toka ya katikati kwenda ya pembeni, ila ishia asilimia 80. Zaidi ya hapo matukio ya sumakuumeme huchafua hesabu.

Chembe za momenta kubwa (zinazotoka kwa kasi na nguvu kubwa) zigawanye kwa migongano. Kwenye PHENIX, jaribio la Marekani lililogonganisha viini vya dhahabu kwa GeV 200, fotoni za moja kwa moja (chembe za mwanga zinazotoka kwenye mgongano wenyewe) zilifuata idadi ya migongano vizuri, lakini pioni (chembe nyepesi zinazozaliwa kwa wingi) zilishuka hadi kama moja ya tano ya ilivyotarajiwa. Jedwali lake ni jingine, usilichanganye na hili.