Kulala Mweya na watoto: kiboko kweli hupita mlangoni?

Dada uliyeuliza kama ni kweli viboko huzunguka lodji za Mweya, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth huko Uganda, usiku: ni kweli kabisa. Mchana wanajipoza majini, giza likiingia wanapanda kula majani, na majani mazuri ndiyo hayo yaliyo mbele ya chumba chako. Sisi tulimsikia mmoja akitafuna chini ya dirisha kama ng'ombe, mdogo wangu akagoma kwenda hata msalani hadi alfajiri!

Usiogope, ila shika hili: baada ya chakula cha jioni usitembee peke yako. Omba askari mwenye tochi akusindikize mpaka mlangoni. Na usisimame kamwe kati ya kiboko na maji, maana akishtuka hukimbilia huko huko, na wewe uko njiani. Watoto wasiwalishe ngiri wala nguchiro. Wamezoea watu, lakini meno ni meno.

Kuhusu pesa, kiingilio cha hifadhi ya Queen Elizabeth kwa kawaida hakimo kwenye bei ya chumba, na kinahesabiwa kwa saa 24. Beba kitambulisho, sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kidogo kuliko wageni wa mbali.

Boti ya mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, panda ya mchana. Jua likichoma, tembo na nyati hushuka kunywa.