Skrubu ya laptopu imeliwa kichwa

*Nafungua mfuniko wa chini nisafishe feni. Skrubu zote zimetoka ila moja ya pembeni. Bisibisi inazunguka bure. (Msomaji, Morogoro)*

Acha kuzungusha kwanza. Kila bisibisi inapoteleza, inakwangua chuma kile kile ambacho bado unakihitaji. Sasa itazame bisibisi yenyewe. Skrubu nyingi za mfuniko ni za nyota (tundu la msalaba), saizi PH0, lakini mtu huchukua PH00 iliyo ndogo zaidi au ile ya bei chee iliyokwisha ncha. Kuingia inaingia, ila haishiki. Tafuta ncha mpya inayojaza msalaba wote, weka laptopu juu ya meza ngumu, simamisha bisibisi wima, kandamiza kwa nguvu kuliko unavyozungusha.

Ikigoma, weka kipande cha rababendi pana kati ya ncha na kichwa. Mbinu hii inasifiwa kupita kiasi: inafaa pale msalaba umelika nusu tu. Ukishakuwa shimo la duara, jaribu bisibisi bapa nyembamba inayobana ukingo kwa ukingo, au ncha ya Torx (ya pembe sita) iliyo kubwa kidogo, uikandamize mpaka ing'ate. Kichwa kikiwa kimechomoza, mambo ni rahisi zaidi: kibane kwa plaizi.

*Jirani kanishauri nipulizie mafuta ya kulegeza kutu. (Tanga)*

Mwambie asante, halafu usifanye. Kinachozishika skrubu hizi mara nyingi ni upako wa buluu kwenye meno yake, uliowekwa kiwandani zisilegee. Mafuta hayauondoi, yataishia kwenye bodi. Joto ndilo huulainisha: gusisha ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kichwa kwa sekunde chache, ulegeze skrubu ingali ya moto. Plastiki ikianza kunuka, ondoa pasi.

*Nikiitoboa kwa drili je? (Nakuru)*

Kwa skrubu ya mfuniko, baada ya mengine yote kushindikana, sawa. Usilenge kuimaliza skrubu nzima. Unakata kichwa tu. Shina huwa na unene wa milimita 2 au 2.5, basi ncha ya drili iwe nene kidogo kuliko hapo, na mwendo uwe mdogo. Kichwa kikiachia, mfuniko unanyanyuka, na kijiti kilichobaki unakitoa kwa plaizi. Vumbi la chuma hupitisha umeme, kwa hiyo lifagie lote kabla hujawasha mashine. Kabla ya hayo yote, jua betri imelala wapi. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Skrubu ikiwa jirani nayo, mpelekee fundi. Skrubu ndogo inayoshikilia SSD (diski ya kuhifadhia data) kwenye bodi usiisogezee drili kabisa.

*Yangu ina kichwa kizima, inazunguka vizuri, lakini haitoki. (Dodoma)*

Kipete cha shaba kilichozamishwa kwenye plastiki kimeng'oka, kinazunguka pamoja na skrubu. Hapa usikandamize. Penyeza kadi ngumu ya plastiki kwenye ufa karibu na skrubu, inua mfuniko kidogo ili kipete kibanwe, huku ukilegeza. Ukishafungua, kirudishe kwa gundi ya epoksi, na isiingie kwenye tundu lenye meno.

*Skrubu za MacBook yangu zina tundu kama ua la petali tano. (Mombasa)*

Hizo ni pentalobe. Za mfuniko wa chini huwa saizi P5. Muulize muuza vifaa kwa jina hilo, na bisibisi bapa iache kabatini.