Elektrodi yangu iliyeyuka mbele ya walimu: ninachomwambia kijana anayetaka kutengeneza taa ya gesi

Ijumaa iliyopita, saa nne usiku, nilizima taa yangu ya gesi, ile inayowaka kwa umeme kupita ndani ya gesi, si kwa kuunguza gesi, kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa ikijizima: leo ncha imeyeyuka, kesho kioo kimejaa masizi, keshokutwa moto umekimbilia kwenye shaba. Safari hii iliwaka tangu saa kumi jioni, saa sita bila kukatika, ndani ya argoni, gesi isiyoungua, kwenye presha ya bar 5, ampea 40. Nilipofungua chemba asubuhi yake nikapima mwanya kati ya elektrodi mbili, yaani vile vijiti vya metali ambavyo umeme unaruka kati yake. Niliuweka milimita 3.0, nikaukuta 3.1. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya karakana, Keko, Dar, nikamshukuru Mungu.

Picha niliiweka kwenye simu, na Jumapili nikapata ujumbe: "Shikamoo kaka. Nipo mwaka wa mwisho, nataka mradi wangu uwe taa ya gesi kama zile za uwanjani. Nianzie wapi?" Nilianza kumjibu, jibu likawa refu kuliko simu inavyovumilia. Najua hayuko peke yake. Wengi mnaosoma hapa mnataka kutengeneza taa, hamtaki kuishia kuzibadilisha tu. Basi nisomeni wote.

Mwaka 2016 nilikuwa pale alipo yeye. Mradi wangu ulikuwa taa ya argoni ya presha kubwa: kipande cha bomba nene la chuma, kioo cha kwatsi kilichotoka kwenye geji ya boila, gesi ya kuchomelea, na mashine ya kuchomelea ya argoni iliyonipa umeme wa mkondo mmoja, usiobadili upande. Elektrodi nilizikopi. Nilikuwa nimenunua globu mbovu ya sodiamu kule mtaa wa Gerezani, zile za mwanga wa rangi ya chungwa za barabarani, nikaivunja nje ya nyumba nikiwa nimevaa glavu na miwani (ndani mna sodiamu na zebaki, usifanye hivyo chumbani unakolala). Mrija wake wa kauri ulikuwa mwembamba kama kalamu, na kila mwisho una elektrodi yake: kijiti cha metali ya tangsteni kimevishwa koili ndogo, katikati ya mizunguko mmepakwa unga mweupe. Zote mbili zilikuwa sawasawa kabisa. Nikasema, kama kiwandani wameweka mapacha, na mimi naweka mapacha. Nikakata vijiti viwili vya tangsteni vya milimita 2.4, nikavinoa sawa, nikavifunga sawa.

Siku ya kuwasilisha niliwasha mbele ya walimu watano. Tao la umeme, yaani ule moto mweupe unaoruka kati ya ncha mbili, lilitokea vizuri na mmoja wao akasogea karibu. Nilihesabu moyoni. Kabla sijafika 40 elektrodi ya juu ilianza kung'aa hadi shingoni, ikavimba, ikawa tone, tone likadondoka. Kioo kikawa cheusi. Yule aliyesogea akarudi kwenye kiti chake akasema, "Kijana, taa zinanunuliwa dukani." Wenzake wakacheka. Nilipata alama ya kuniwezesha kumaliza chuo tu. Sikitaji chuo, na simtaji mtu, ila sentensi ile bado naisikia kila nikiwasha mashine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyeniambia kwa nini iliyeyuka. Aliyeniambia ni fundi wa kuchomelea aliyekuwa amepanga chumba cha mbele cha karakana hii. Nilimwonyesha lile tone. Hakulishika hata, alicheka kwa upole akasema, "Injinia, huku ni chanya. Tangsteni ukiiweka chanya, kwa ampea hizo, lazima ilie." Kisha akanitolea jedwali lililokuja na mashine yake. Kijiti cha milimita 2.4 kikiwa upande hasi kinabeba ampea 150 hadi 250. Kijiti kile kile, upande chanya, ni ampea 15 hadi 30. Mimi nilikuwa nakipitishia 40.

Hapo ndipo penye moyo wa jambo zima, na ningependa usome polepole. Upande hasi, kathodi, kazi yake ni kutoa elektroni, vile vichembe vinavyobeba umeme, na metali haitoi elektroni za kutosha mpaka iwe ya moto sana. Kila elektroni inayotoka huondoka na joto kidogo, kama jasho linavyoondoka na joto la mwili. Ikifika upande wa pili, kwenye anodi, inalitua joto lile lote pale, pamoja na nguvu iliyoichuma njiani. Kwa hiyo anodi inapigwa kuliko kathodi, nayo haina jasho la kuipoza. Tangsteni ndiyo metali inayovumilia moto kuliko zote, inayeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, na bado nilikuwa nimeiyeyusha.

Na ile globu ya sodiamu je? Ile inatumia umeme wa kupishana, unaobadili upande kila mara. Huku kwetu ni hezi 50, maana yake kila elektrodi inakuwa kathodi mara 50 kwa sekunde na anodi mara 50. Zinabadilishana zamu, ndiyo maana zinafanana. Mimi nilikopi umbo bila kuuliza umeme wake. Baadaye niliipata taa ya ksenoni iliyokufa ya projekta ya sinema, na hiyo ni ya mkondo mmoja kama yangu. Kathodi yake ni ndogo, imechongoka kama penseli. Anodi ni bonge, nene kama kidole gumba. Niliiangalia ikiwa ndani ya kasha lake bila kuitoa, kwa sababu taa za ksenoni zina presha ya anga kadhaa hata zikiwa baridi, na zikipasuka vipande vinaruka kama risasi. Nilipoiona anodi ile nilikaa kimya muda mrefu. Jibu la aibu yangu ya 2016 lilikuwa limekaa kwenye vibanda vya sinema tangu miaka ya 1950.

Miaka iliyofuata nilikuwa kazini, nafunga na kurekebisha taa kubwa za yadi na maghala. Nikusimulie jambo moja tu la huko. Yadi moja ya Kurasini ilikuwa na jenereta yenye matatizo, usiku inakata mara tatu au nne. Globu za sodiamu pale zilikufa mapema kuliko za yadi ya jirani zinazowaka usiku kucha bila kuzimwa. Sababu ni uwashaji. Elektrodi ikiwa baridi, umeme hupita kwanza kwa mng'ao dhaifu wenye volti nyingi, ayoni, yaani chembe za gesi zenye chaji, zinaipiga ncha kwa nguvu na kubandua tangsteni pamoja na ule unga mweupe unaosaidia elektroni kutoka. Ncha ikishapata moto, tao linatulia na volti pale kwenye kathodi zinashuka hadi kama kumi hivi. Koili ile nyembamba kazi yake mojawapo ni hiyo: inapata moto haraka kuliko kijiti kinene, tao linaanzia juu yake, na kipindi kibaya kinakuwa kifupi.

Kwa hiyo kijana wangu, unene wa elektrodi ni mizani. Ukiifanya nene mno inakaa baridi, inachelewa kuwaka, inajichubua. Ukiifanya nyembamba mno inayeyuka. Ukubwa wa balbu, gesi na bei vitafuata. Anza na joto.

Nilirudi kwenye taa yangu nikiwa na karakana yangu mwenyewe na hasira ileile. Anodi niliibadilisha: kijiti cha milimita 4.8, kimelehemiwa kwa madini ya fedha ndani ya bonge la shaba linalopitishiwa maji ya pampu ndogo na ndoo. Haijawahi kuyeyuka tena. Kathodi ndiyo iliyonitesa.

Kwanza niliinoa kali mno. Nilidhani ncha kali ndiyo ustadi. Ndani ya dakika tano ncha ilikuwa kitone cha mviringo, na tao likaanza kutembea huku na huku juu yake. Sasa nainoa butu kiasi, pembe ya kama nyuzi 60, na mwishoni naacha bapa dogo unaloliona kwa lenzi tu. Mikwaruzo ya jiwe la kunolea iende kwa urefu wa kijiti, isikizunguke. Na vijiti vyenye mkanda mwekundu vina toria (oksidi ya thoriamu) asilimia 2, ambayo inarahisisha elektroni kutoka lakini ina mionzi. Vumbi lake likiingia kifuani hubaki humo. Mimi nimehamia vya mkanda wa dhahabu, vyenye lanthanamu asilimia 1.5, na bado navaa barakoa ninapovinoa.

Kisha likaja tatizo lililokula karibu mwaka mzima. Ncha nzuri, anodi nzuri, lakini tao halitulii. Linapapasa, linaruka kutoka sehemu hadi sehemu, na baada ya nusu saa kioo kimepata ukungu wa kijivu. Nilibadilisha gesi, nikabadilisha mashine, nikabadilisha kila kitu isipokuwa kibano. Kibano changu cha shaba kilikuwa kimeishika kathodi milimita 8 tu kutoka kwenye ncha. Shaba ilikuwa inanyonya joto lote. Ncha haikuwa ya moto kiasi cha kutoa ampea 40 kwa utulivu, hivyo tao lilijibana kwenye kidoa kimoja, likakichoma, likahamia kingine. Kanuni ya elektroni kutoka kwenye metali ya moto, iliyompa Owen Richardson Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 1928, inasema utoaji unapanda kwa kasi kubwa sana kadiri joto linavyopanda. Ukiipunguzia ncha joto kidogo tu, unapoteza elektroni nyingi mno. Nikarudisha kibano nyuma, kikawa milimita 20 kutoka kwenye ncha. Usiku huo huo tao likasimama wima kama mwali wa mshumaa kwenye chumba kisicho na upepo. Milimita 12 za tangsteni tupu. Nilikuwa nazitafuta miaka yote ile.

Ndiyo maana nasema na narudia: usichore ncha kabla hujachora njia ya joto. Joto linaingia wapi, linapita unene gani, urefu gani, linatokea wapi. Anza na joto.

Jambo la mwisho lilikuwa unyevu. Hewa ya Dar unaijua, ukiacha chemba wazi usiku mmoja kuta zake zimekunywa maji. Ndani ya taa, mvuke kidogo tu unatosha kubeba tangsteni: maji yanaigusa ncha ya moto, oksijeni inaondoka na tangsteni, ikifika ukutani kwenye ubaridi inaiacha, maji yanarudi kama yalivyokuwa na kuanza upya. Kidogo kile kile kinafanya kazi ile ile mara elfu. Nilichukua kompresa ya friji bovu, nikaigeuza kuwa pampu ya kunyonya hewa. Sasa naipasha chemba moto huku nanyonya, naingiza argoni, nanyonya tena, mara tatu. Ukungu ukaisha. Nawasha kwa presha ndogo, kisha napandisha gesi taratibu, maana gesi iliyobanwa haikubali kupasuliwa na cheche kirahisi. Ni sababu ile ile inayofanya taa ya uwanjani, ikizimika ikiwa ya moto, ikugomee kuwaka mpaka ipoe.

Sasa niseme na ninyi vijana kwa uwazi. Acheni kuona haya kumuuliza fundi asiye na cheti. Walimu watano waliangalia tone langu wakaona kichekesho. Mtu aliyesomea kazi yake kwenye moshi aliliangalia akaona upande chanya. Pimeni. Andikeni kila mlichopima, hata siku ya kushindwa, hasa siku ya kushindwa. Msikopi umbo la kitu bila kuuliza kinaishi kwenye umeme gani. Wala msichezee presha. Chemba yangu kabla ya kupata gesi huwa naijaza maji na kuibana kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya presha ya kazi, kwa kuwa maji yakivuja yanalowesha viatu tu, gesi inaua. Barakoa ya kuchomelea usoni muda wote. Nimewahi kulala na macho yanayowasha kama yametiwa mchanga kwa sababu niliangalia tao sekunde mbili nikisema "mara moja tu."

Na wewe uliyeniandikia Jumapili: usiogope walimu, ila nenda mbele yao ukiwa umeshaiwasha taa yako saa nyingi kuliko watakazoiangalia. Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa nimeiwasha mara mbili tu, sekunde kumi kumi, kwa kuogopa kuiharibu kabla ya siku yenyewe.

Lile tone la 2016 ninalo. Lipo kwenye kikopo cha dawa juu ya meza, na Jumamosi nimeweka pembeni yake kathodi iliyotoka kwenye saa sita zile, bado na bapa lake dogo. Ukija Dar, pita Keko uzione zote mbili. Jumatatu naanza na bar 8. Kioo kipya kimeshapimwa kwa maji.