Gari Likiyumba, Usikimbilie Stelingi Boksi

Wenye magari ya ekseli nzima mbele, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, hasa Land Cruiser ambazo huku Mbeya tumezoea kuziita mkonga, wanalifahamu tatizo la gari linaloyumba: halivuti upande mmoja wala halitetemeki, bali linatangatanga ndani ya njia yake, na dereva hulazimika kurekebisha usukani kila mara hata barabara ikiwa imenyooka. Mafundi wengi, wakielezwa dalili hiyo, huchukua spana na kukaza skrubu iliyo juu ya stelingi boksi, yaani boksi la meno linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu. Kwa uzoefu wangu wa kuendesha na kukagua magari haya kati ya Mbeya, Makete na Njombe, hapo ni pa kumalizia, si pa kuanzia.

Meno ya boksi huchakaa zaidi katikati, kwa kuwa ndipo usukani unapokaa muda mwingi gari likienda moja kwa moja. Skrubu ikikazwa kupita kiasi, meno hubana hapo katikati na usukani haurudi wenyewe baada ya kona; dereva huurudisha kwa mkono, huupitiliza kidogo, huurudisha tena, na gari huzidi kuyumba ingawa fundi atakuonyesha kwa fahari kwamba usukani hauchezi.

Anza na upepo wa matairi. Wakati wa mvua, wanaopanda Kitulo kupitia Isyonje hupunguza upepo ili matairi yashike tope, kisha huteremka hadi lami ya Uyole bila kuujaza. Tairi refu lenye kashata (vinundu vya mpira) nene na upepo mdogo hulala ubavu kabla ya kuitii ringi. Barabara nayo isisahaulike: malori ya Tunduma yamechimba mifereji kwenye lami, na mkonga wa V8 uliotoka mwaka 2007, ambao matairi yake mawili ya mbele yamekaa mbalimbali kuliko ya nyuma, hauwezi kutulia ndani ya mifereji hiyo. Lijaribu gari mahali pa tambarare pasipo na mifereji, kwa mfano vipande vya kati ya Igurusi na Chimala, siku isiyo na upepo wa ubavuni.

Likiendelea kuyumba, liegeshe matairi yakiwa chini, uweke vizuizi, uwashe injini, na umwombe mtu autikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto huku wewe ukishika kila kiungo kwa kiganja. Gari likiwa juu ya jeki, viungo vingi huonekana vizima kwa sababu havibebi mzigo. Kiganja hukamata kile ambacho jicho hukikosa: tairodi endi (kiungo cha mwisho wa tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) iliyolegea, au bushi za ile fimbo inayozuia ekseli isisogee kulia na kushoto, ambazo nimezikuta zimekwisha mara nyingi kuliko boksi lenyewe. Itazame pia tairodi, kwani katika magari ambayo imekaa nyuma ya ekseli, jiwe likiipinda huifupisha, na matairi hufunguka kwa mbele. Ukipima kwa futi usawa wa katikati ya tairi, nafasi ya mbele inapaswa kuwa ndogo kuliko ya nyuma kwa milimita chache.

Sasa inua ekseli, ushike tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea, ukibaki, kagua beringi za kingipini, yaani mhimili ambao gurudumu hugeukia linapokata kona. Usisahau nyuma, kwa maana bushi za springi zilizochakaa au boliti za U zilizolegea huiruhusu ekseli ya nyuma kuligeuza gari bila idhini ya dereva, na hilo ni hatari.

Kinachopuuzwa zaidi ni kasta, yaani mlalo wa kingipini kuelekea nyuma, ambao hulifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe kama uma wa mbele wa baiskeli. Ukiinua gari la springi za koili, ekseli huzunguka na unapoteza takribani nyuzi moja kwa kila inchi, wakati gari lilitoka kiwandani na nyuzi chache tu. Wabeba viazi wa Njombe na Makete huongeza majani ya springi nyuma. Gari likiwa tupu, mkia hubaki juu, na inchi mbili hula karibu nyuzi moja nyingine. Hapo kila kiungo kitakuwa kizima na gari litayumba vilevile. Tiba ni bushi zenye tundu lililosogezwa, au kabari chini ya springi za majani. Kubadilisha shokapu ya usukani, ambako wauza vipuri hukupendekeza haraka, huficha mtikisiko tu.

Boksi lije baada ya hayo. Hakikisha boliti zake zimekaza na chesisi haijapasuka hapo lilipofungwa, kisha angalia kama shafti ya usukani inageuka kabla mkono unaotoka boksini haujaanza kusogea. Ikiwa ndivyo, kaza skrubu kidogo, chini ya robo mzunguko, matairi yakiwa juu, halafu zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Ukihisi unabana katikati, rudisha skrubu. Mchezo ukirudi nayo, boksi linahitaji kufunguliwa.