Maswali Yenu: Vitabu nilivyosomea nauza, na programu je?

SWALI: Habari za kazi. Nimemaliza masomo ya uhasibu na nimebaki na vitabu vyangu kibao, vingine ndani vimeandikwa "hairuhusiwi kunakili au kuuza tena bila idhini ya mchapishaji". Pia nina programu ya mazoezi ya mtihani niliyoinunua kwa hela yangu, inafunguka kwa akaunti na namba ya leseni. Nataka niuze vyote kwa mkupuo kwa wanaoanza ila rafiki yangu ananitisha eti hakimiliki, nitaishia mahakamani. Kweli? – Mhitimu

JIBU: Mdogo wangu, vitabu uza. Rafiki yako kachanganya mambo mawili, manake hakimiliki inamlinda mwandishi na mchapishaji usije ukanakili kazi yao, lakini ile nakala moja uliyoilipia, ile karatasi na jalada lake, ni mali yako na nchi nyingi sheria inasema nakala ikishauzwa mara ya kwanza hakimiliki inakuwa imeishiwa nguvu ya kuzuia nakala hiyo isiuzwe tena. Ukitaka gawa, ukitaka uza, ukitaka fungia maandazi.

Na hayo maandishi ya ndani yasikutoe jasho sana. Kuna kesi ya zamani Marekani, mwaka 1908, mchapishaji Bobbs-Merrill aliandika ndani ya riwaya kwamba bei ni dola 1 na duka litakalouza chini ya hapo litahesabika limevunja hakimiliki yake. Duka la Macy's likauza senti 89. Wakafika mpaka Mahakama ya Juu na mchapishaji akashindwa, akaambiwa ulishauza, tangazo lako haliwezi kumfunga mtu ambaye hata mkataba na wewe hana. Ndo msingi unaotumika kule mpaka leo.

Tena kuna iliyo karibu na yako zaidi. Supap Kirtsaeng, kijana wa Thailand aliyekuwa anasoma Marekani, aligundua vitabu vya chuo vilevile vya mchapishaji John Wiley kwao vinauzwa bei chee, basi ndugu zake wakawa wananunua wanamtumia, yeye anauza eBay (soko la mtandaoni) na faida anaweka mfukoni. Wiley wakamshtaki na baraza la wazee wa mahakama likasema alipe dola 600,000 kwa vitabu 8. Fikiria wewe ni mwanafunzi unasomewa hiyo hesabu! Akakata rufaa, akakata tena, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikampa ushindi, majaji 6 kwa 3, kwamba kitabu kilichochapishwa kihalali hata kama ni nje ya nchi, ukikinunua ni chako. Ila usiichukue hiyo ukadhani ni dunia nzima, Umoja wa Ulaya kwa mfano nakala iliyouzwa kwanza nje ya Umoja huo mwenye haki anaweza kukuzuia usiiingize kuuza. Wewe unauza vya kwako hapo hapo ulipo kwahiyo hilo halikuhusu.

Kitu ambacho hutakiwi kufanya ni kupiga fotokopi kitabu kizima ubaki nayo alafu uuze halisi. Na vile vitabu vinavyokuja na namba ya kukwangua ya kuingilia mazoezi ya mtandaoni, kama ulishaitumia mwambie mnunuzi kabla hajatoa hela, namba ikishatumika imekufa, na kumficha ni utapeli tu haihitaji hakimiliki kujua hilo.

Sasa programu. Hapa ndo penyewe, manake mara nyingi hukununua programu, ulinunua ruhusa ya kuitumia. Yale maandishi marefu uliyobonyeza "nakubali" bila kusoma (wote tunafanya hivo) ndo mkataba wenyewe. Marekani kuna bwana anaitwa Vernor aliuza eBay nakala za AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo, halisi kabisa na maboksi yake, alizozipata kwenye ofisi ya wasanifu majengo iliyokuwa imehamia toleo jipya. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema ile ofisi haikuwa mmiliki, ilikuwa na leseni tu inayokataza kuhamisha, na mtu asiyekuwa mmiliki hawezi kumuuzia mwenzie umiliki. Basi na Vernor naye akawa hana kitu cha kuuza.

Ulaya wameona tofauti. Kwenye kesi ya UsedSoft, wauzaji wa leseni za mtumba, na Oracle, watengenezaji wa programu, mwaka 2012 mahakama yao ilisema kama ulilipa mara moja na ruhusa haina kikomo cha muda, hayo ni mauzo hata kama uliipakua kwenye intaneti, unaweza kuuza, ila ufute ya kwako, na leseni ya watu 25 huwezi kuikata vipande uuze rejareja. Mimi binafsi naona hao ndo wametenda haki, lakini maoni yangu hayatakusaidia ukibanwa.

Kwahiyo fungua mkataba wako, tafuta sehemu inayozungumzia kuhamisha leseni. Kama unalipia kwa mwezi au mwaka huna cha kuuza, muda ukiisha imeisha. Kama ulipewa bei ya mwanafunzi angalia mara mbili, hizo aghalabu hazihamishiki. Ukikuta kimya waandikie kampuni uwaulize kama wanaweza kuihamishia kwa jina la mtu mwingine, wengine wanakubali. Ila kumpa mtu akaunti na nywila yako usithubutu, kampuni ikifunga akaunti atakudai wewe, na hapo atakuwa ameshaona barua pepe yako na pengine kadi uliyolipia.

SWALI: Na vitabu vya PDF nilivyonunua? Nikiuza nikafuta kwangu si sawa na kuuza cha karatasi?

JIBU: Kimantiki unasikika vizuri, kisheria hapana. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ililijibu hili mwaka 2019 kwenye kesi ya Tom Kabinet, waliokuwa wanauza vitabu vya kielektroniki vya mtumba, kwamba kitabu cha kielektroniki hakichakai, cha mtumba kinafanana na kipya, kwahiyo ile ruhusa ya karatasi haikihusu. Marekani nako 2018 waliamua hivohivo kwa faili za muziki, kwasababu kulituma faili ni kutengeneza nakala mpya. Na kusema ukweli nani ataamini umefuta?

SWALI: Mimi ni mwalimu, wachapishaji hunitumia vitabu vya sampuli vimeandikwa "si vya kuuzwa". Naweza kuviuza?

JIBU: Marekani mwaka 2011 mahakama ya rufaa ilisema CD za bure za matangazo zilizotumwa bila kuombwa ni za aliyepokea, maandishi kama hayo hayakumfunga. Lakini kwako swali la kwanza ni vilitumwa kwako au kwa shule, kama ni kwa shule ni mali ya shule. Na kile chenye majibu ya mitihani naomba usikiuze kabisa mwalimu, hata kama sheria ipo upande wako, utakuja kukikuta kwa wanafunzi wako wenyewe.

SWALI: Nimenunua kitabu mtaani, ndani kina muhuri wa maktaba. Nikiuza nina kosa?

JIBU: Tafuta muhuri wa pili unaoonyesha kimeondolewa kwenye orodha yao, maktaba huwa zinauza vya zamani. Kama haupo, hicho inawezekana kiliibwa na aliyekuuzia hakuwa nacho cha kukuuzia. Wapigie maktaba uwaulize kabla hujakitangaza.