Gavana wa Kenya si sawa na mkuu wa mkoa wa Tanzania

Wengi huuliza kama gavana wa Kenya na mkuu wa mkoa wa Tanzania wana cheo sawa. Hapana, hawalingani. Gavana anapigiwa kura na wananchi wa kaunti yake, na Rais hawezi kumfuta kazi: bunge la kaunti ndilo linalomshtaki, Seneti inaamua. Mkuu wa mkoa ni mteule wa Rais, anaweza kuondolewa hata leo jioni. Ukitaka wa kumlinganisha naye upande wa Kenya, tafuta kamishna wa kaunti, mwakilishi wa serikali kuu anayeteuliwa na Rais. Huyo wengi humsahau.

Ngazi ya halmashauri nako kuna tofauti: madiwani wa Tanzania wanachaguliwa, lakini mkurugenzi anayeshika mafaili na fedha anateuliwa kutoka juu.

Pia kuna suala la pesa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 203, inazipa kaunti zote 47 kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya taifa. Ila hiyo 15 hupigwa kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa, si makusanyo ya mwaka huu, kwa hiyo msishangae magavana wakilalamika kila bajeti.